Laini ya Tatu

Saa kumi alfajiri Leitrim hailali, inasinzia jicho moja wazi.
Nakwangua barafu kiooni kwa kadi ya benki
iliyofunga tawi lake hapa mwaka juzi;
angalau kadi imepata kazi.

Stesheni yetu iko juu ya duka la rangi.
Ngazi kumi na saba, harufu ya tapentaini,
maikrofoni iliyovaa soksi ya mtoto wa dada yangu
kwa kuwa sifongo yake ililiwa na panya.
Mimi ni Attracta Gilhooly. Nina miaka hamsini na minane
na maoni juu ya kila kitu isipokuwa mpira.

Kwanza nasoma waliofariki.
Huku hiyo ndiyo habari; ya serikali ni porojo.
Watu huzima birika ili wanisikie:
jina, kitongoji, mazishi saa ngapi,
maua hapana, tafadhali.
Nasoma taratibu, kama aliyebeba mayai.

Halafu nafungua laini, kaunti inaingia na matope yake.
Concepta amepanda maua kwenye shimo la barabara;
yamechanua kabla baraza halijaleta lami.
Mtu asiyetaja jina anasema hoteli ya zamani imejaa wageni.
Namuuliza: na mjomba wako, aliposhuka Boston
na sanduku lililofungwa kamba, alilala kwa nani?
Anakata.
Wakikata najua nimegusa mfupa.

Saa tatu na dakika kumi huwaka laini ya tatu.
Fonsie McGourty. Miaka kumi na miwili, kila Jumanne.
"Attracta, umeanza tena."
Nikisema kinamasi kiachwe, mboji isikatwe tena ya kuchoma,
anasema babu yake alikata, baba yake alikata,
"na wewe ulikulia kwenye moshi huo huo,
usijifanye umezaliwa kitabuni."
Tuligombana mpaka tangazo la mbolea
likaja kutuachanisha.

Novemba moja nilikuta gunia mlangoni kwangu,
mboji kavu, imepangwa kama mikate,
na karatasi: *Maoni hayapashi nyumba joto. F.*
Nilipaswa kulirudisha.
Kulikuwa na baridi.
Nililichoma lote, kipande kwa kipande,
na Jumanne nikahubiri kama kawaida,
sweta langu likinuka ushahidi.
Redio haina pua. Namshukuru Mungu kwa hilo.

Jumanne hii karatasi ya vifo ilikuwa na majina manne.
La tatu nililisoma kabla macho hayajauambia moyo:
McGourty, Alphonsus, wa Drumaghoola, ghafla, nyumbani kwake.
Sikusita. Nililiweka chini, halikupasuka,
nikachukua la nne.

Saa tatu na dakika kumi
mkulima mmoja alikuwa akililia bei ya maziwa
nami nakitazama kitaa kisichowaka,
kidogo kama punje ya mtama.
Na kinamasi? Msimamo wangu ni ule ule.
Fonsie alikosea. Bado anakosea, huko aliko.

Na dakika kumi na nne, kikawaka.
Mwanamke, sauti ya kukwaruza: dada yake, Philomena.
Sikumpeleka hewani.
"Umetamka vibaya jina la kitongoji," akasema.
"Hiyo *g* haisemwi. Imekaa tu pale kama mgeni msibani.
Drumahula. Fonsie angekupigia."
Nikasema najua.
"Basi rekebisha saa sita."
Kimya. Nikasikia koleo likigonga jiko.
"Na kuna gunia bandani lina jina lako. Ukilitaka."

Sijui nilijibu nini, au kama nilijibu.
Mtu wa maziwa alikuwa bado hewani, peke yake,
akiita: Attracta, upo?
Upo? Wewe waonaje?